Mama Soksi Anakabidhi Funguo za Mochwari

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mama Soksi anastaafu baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi katika hospitali yetu, karibu yote ndani ya chumba cha maiti. Matroni ameniagiza mimi, dereva wa gari la maiti, niandike habari zake, kwa kuwa wengine wote walioombwa walijifanya wana kazi nyingi. Siwalaumu. Nani anataka habari za mochwari kwenye jarida lenye picha za harusi?

Alianza kama mfagizi wa wodi ya wazazi. Siku hizo kupelekwa mochwari ilikuwa adhabu: ukigombana na katibu wa hospitali, unashushwa huko chini. Yeye hakugombana na mtu. Aliomba mwenyewe, baada ya kuona jinsi watoto waliozaliwa wamekufa walivyokuwa wakibebwa kwenye ndoo. Alimwambia katibu kwamba kumbeba mtoto kunahitaji mikono miwili tu, na yeye anayo.

Soksi zilianza hivi. Mashuka yetu ya mochwari ni mafupi, hilo mnalijua. Ukifunika kichwa, miguu inabaki nje. Mzee mmoja alikuja kumtambua mkewe, akakutana na miguu kabla ya uso. Akaishika, akasema ni baridi mno, kisha akaketi sakafuni akaanza kuvua soksi zake mwenyewe ili amvishe. Vidole vya mkewe vilikuwa vimekakamaa, akashindwa. Mama akapiga magoti akamsaidia. Wiki iliyofuata alikuja kazini na uzi wa sufu na sindano za kufumia, na tangu hapo hakuna aliyetoka mochwari yetu miguu mitupu, awe na ndugu au hana.

Tulimcheka sana, nisiseme uongo. Tulimuuliza marehemu wake wanachezea timu gani. Yeye alijibu kwamba Bwana aliinama kwenye miguu ya watu, tena yenye vumbi, na hakusubiri wacheza mpira. Mchungaji alipomwomba atoe ushuhuda kanisani, alikataa. Alisema hana ushuhuda, ana soksi za kumalizia.

Siku moja mambo yaliharibika. Lebo yenye jina la marehemu ilikuwa ikifungwa kwenye kidole gumba cha mguu, na soksi zikaifunika. Familia mbili zilikuwa na babu zao ndani, na moja ikambeba babu wa wenzao. Dereva nilikuwa mimi. Tulifika hadi geti la kanisa ndipo mjukuu alipogundua kwamba babu ameota ndevu. Katibu akapiga marufuku soksi. Mama hakubishana, aliziomba radhi familia zote mbili, kisha akaanza kufunga lebo kwenye kifundo cha mkono. Katibu alishuka kukagua, akatafuta kosa akalikosa, na soksi zikarudi.

Miongoni mwa aliowafundisha kazi alikuwemo mwashi mmoja aliyeanguka kwenye jengo akaumia mgongo. Alikaa miezi michache akilalamika kutwa, akivisha soksi huku amenuna. Kisha akapata kazi katika mochwari ya mji mwingine, akaondoka bila hata kuaga. Tulimsahau.

Sasa niseme lile ambalo Mama hakupenda lisemwe, ila ameniruhusu. Mwanawe wa pekee aliondoka nyumbani kutafuta kazi. Alipiga simu kwa muda, kisha akawa hapatikani tena, na miaka ikapita. Kila mwili usio na jina ulioletwa kwetu, Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kufunua uso. Akiona si yeye alishukuru, halafu akaona haya kwa kushukuru, maana huyo naye ni wa mtu. Nilipokuwa na safari ya kupeleka marehemu mbali, alichukua likizo akapanda mbele pamoja nami, tukazungukia mochwari za huko.

Katika safari mojawapo tuliingia hospitali kubwa, kwenye chumba cha wasio na ndugu, waliokuwa wazikwe na manispaa kesho yake. Umeme ulikuwa umekatika na harufu ilitupokea tangu nje. Mama alisimama ghafla mlangoni, akanishika mkono. Miili yote ilikuwa imevaa soksi. Zilikuwa za mitumba, hazilingani, nyingine zimetoboka, lakini soksi. Lebo zilikuwa mikononi. Yule mwashi wetu akatokea nyuma yetu na ndoo yake, akamwona mwalimu wake, akaanza kujitetea kwamba kufuma kumemshinda.

Aliyelazwa karibu na ukuta hakuwa na uso wa kutambulika. Mama aliinama akamvua soksi ya kushoto. Mwanawe alizaliwa na vidole viwili vya mguu huo vimeungana, na hivi navyo vilikuwa vimeungana. Tangu nimjue, hiyo ndiyo soksi pekee niliyomwona akiivua. Aliushika ule mguu kwa muda mrefu, akalia kilio ambacho sitakieleza hapa. Kisha akamvisha tena ileile ya kahawia, ya kulia ikiwa ya bluu.

Mwashi alisema tu, "Mama, sikujua ni wako. Nilisema, labda naye ana mama yake."

Tulimzika na soksi hizo. Kuna waliotaka abadilishwe, avishwe zinazolingana, na Mama akakataa katakata. Alirudi kazini Jumatatu, akakuta wawili wanamsubiri, akachukua uzi.

Watumishi wamemnunulia kiti cha kuegemea. Mwashi naye ametuma jozi ya soksi, amejifunza hatimaye, ingawa moja ni ndefu kuliko nyingine. Mama alivua viatu palepale ofisini akazivaa. Alisema hajawahi kufumiwa soksi na mtu.

Asante, Mama, kwa wote uliowahudumia bila wao kuweza kukuambia asante. Mimi naomba jambo moja: nifumie jozi yangu, namba tisa, na wala usiharakishe. Katika idara yetu hatuna desturi ya kumtakia mtu safari njema. Tunakutakia ukae, Mama, ukae sana, juani, miguu yako ikiwa na joto.