Mkebe wa Biskuti kwenye Geti la Treni

Benchi ni langu, makalio ni yao. Mimi ni fundi viatu hapa Caloocan, chini ya reli ya juu, na kila treni ikipita misumari yangu inacheza kwenye kopo. Benchi nililiweka kwa ajili ya wateja, lakini mwaka wa kumi na moja huu linakaliwa na watu wasio na kiatu cha kushona. Yuko Hakimu, aliyewahi kuwa shahidi mahakamani siku moja tu na hajapona mpaka leo. Yuko Redio, dereva mstaafu wa pikipiki ya miguu mitatu. Habari ikimfikia asubuhi, mchana imeshaota mabawa. Yuko pia Dokta, mama muuza majani ya dawa, ambaye hajawahi kumponya mtu lakini hajaua pia. Wanakunywa kahawa yangu na kuniachia birika tupu. Jumanne iliyopita, saa nane mchana, jua likiunguza mabati, akaja Wilmer, mtoto wa dada yangu Nenita. Anajifunza ulinzi wa treni. Zilibaki siku tatu avuliwe utepe wa njano wa wanagenzi aajiriwe, na mama yake alishapiga pasi shati la siku hiyo. Kijana alikuwa na sare yake, fimbo ameifunga kwa leso, na karatasi mkononi. Alikaa kama mtu aliyeshushwa na mzigo wake.

— Afande! — Redio akampokea. — Leo umekamata bomu?

— Nimepewa barua.

Hakimu hakuomba, alinyakua. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mahakamani:

— “Eleza kwa maandishi, kabla ya saa kumi jioni leo, kwa nini kuanzia saa mbili na dakika kumi asubuhi hadi saa nne ulikagua mizigo bila kutumia fimbo. Ukishindwa, mafunzo yako yatasitishwa.” Ehe! Hii ni kesi.

— Si kesi, ni kijiti tu hicho, — Dokta akasema. — Mnachokora mikoba ya watu, mnaona masega na mikate. Kuna nini cha kuandikiana barua?

— Ndiyo kazi yenyewe, mama, — Wilmer akajibu. — Abiria anafungua mkoba, nachokora mpaka chini, nasema asante, safari njema. Kama mara elfu mbili kwa zamu. Leo mkono ulikataa.

— Basi umemaliza! — Dokta akapiga goti. — Andika mkono umekufa ganzi. Nakupa jani la kufunga hapa kwenye kiwiko, wakikuona wenyewe watakuonea huruma.

— Mlinzi mwenye mkono mfu nani atamwajiri? — nikauliza.

— Basi aseme ulikufa ukafufuka.

Redio akamsogeza Dokta pembeni.

— Dogo, nisikilize mimi. Sema fimbo ilivunjika. Lete tuivunje sasa hivi.

— Thubutu! — Hakimu akaruka. — Hiyo ni mali ya kampuni. Kosa la pili! Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka.

— Sasa hapo nyoka yuko wapi?

— Nyoka ni kampuni.

— Na fimbo?

— Fimbo ni fimbo. Usinichanganye.

Wilmer aliwaangalia wote kwa zamu. Kikombe nilichompa alikuwa amekishika tu. Nikamwambia, mpwa wangu, kunywa, halafu sema kilichotokea. Hawa watakuandikia barua ya kosa ambalo hujalitenda.

Akaiweka kahawa chini.

— Alikuja mama mmoja. Mtu mzima, nguo nyeusi. Ana mkebe wa biskuti, ule wa bluu wa duara.

— Wa sindano na nyuzi, — Dokta akasema papo hapo.

— Si ndiyo? Nani kwetu ana mkebe ule na ndani mna biskuti? Nikajua ni wa kushonea. Mstari umefika mpaka ngazini, watu wanapiga kelele. Sikumuuliza kitu. Nikafungua kifuniko mwenyewe. Juu kuna kitambaa cheupe. Nikapitisha fimbo pembeni, mpaka chini, nikakoroga.

Treni ikapita juu yetu. Tulingoja imalize.

— Ilikuwa majivu, — akasema.

Redio akatabasamu, kisha akaona sura ya kijana, akaacha.

— Majivu ya...?

— Ya mtu, mjomba Redio.

Dokta akajifanyia ishara ya msalaba. Halafu akaitazama ile leso iliyofunga fimbo, akakunja miguu yote miwili juu ya benchi.

— Toka pale umepita wapi? Maana mtu akitoka msibani hafululizi nyumbani, anapitia mahali kwanza, asije akafuatwa mpaka mlangoni.

— Ndiyo maana niko hapa. Sikutaka kumpeleka huyo marehemu kwa mama.

— Kwa hiyo umetuletea sisi!

— Hapa kila kitu kinaishia, — nikamwambia Dokta. — Shusha miguu.

Lakini Redio alikuwa ameshapata mabawa.

— Subirini. Subirini kwanza. Jumanne, siku tatu kabla ya kuajiriwa, mama mwenye nguo nyeusi? Huo mtego! Makao makuu wamemtuma. Na hayo ni majivu ya mkaa, bwana, ya kuchomea samaki. Wanampima dogo!

— Inawezekana, — Hakimu akasema, akiinua kidole. — Mahakamani nimeona makubwa kuliko hayo.

— Kwanza pengine si mama, — Redio akazidi. — Pengine ni mkuu wa ulinzi mwenyewe, kavaa wigi!

— Na wale waliokuwa wanapiga kelele kwenye mstari? — Dokta akadakia.

— Wote wamepangwa! Na treni yenyewe leo ilikuwa ya maonyesho!

Wilmer aliinua kichwa. Mungu anisamehe, nilimwona akitaka kuamini. Alimtazama yule mzee muongo jinsi mgonjwa anavyomtazama daktari.

— Unadhani kweli, mjomba?

— Nakuhakikishia. Haba na haba hujaza kibaba!

— Redio, — nikasema, — funga mdomo.

Wilmer akatikisa kichwa polepole.

— Kulikuwa na kipande kigumu. Kidogo. Kiligonga fimbo, nikakisikia mkononi.

Hakimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

— Yule mama alifanyaje? — nikauliza.

— Aliushika mkono wangu. Akasema, “Taratibu, mwanangu.” Basi. Akafunga mkebe. Na mimi, mjomba, mdomo wangu ukasema wenyewe, vile tulivyofundishwa: “Asante, mama, safari njema.” — Akajifuta uso kwa kofia. — Nilimkoroga, nikamtakia safari njema. Baada ya hapo kila mkoba ukifunguliwa, naogopa. Nikawa naangalia kwa macho tu.

Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Kijana alifanya alichofundishwa, na alipoacha kukifanya ndipo akaandikiwa barua.

Hakimu akajikohoza. Alichukua kalamu ya Wilmer akaanza kuandika utetezi: kwamba mkebe ulifungwa, kwamba kifungu hiki, kwamba msongamano ule. Dokta akataka liwekwe jani lake. Redio akaomba wigi itajwe, hata kwa kifupi. Karatasi ikajaa pande zote mbili. Saa tisa na nusu ilikuwa imefika, na kituo ni mwendo wa dakika kumi.

Mama mmoja mgeni alikuwa amesimama muda wote akingoja nimbandikie kisigino, mguu mmoja juu ya boksi. Sijui kahamia lini mtaani kwetu. Nilipomkabidhi kiatu alikivaa, akamgeukia Wilmer.

— Samahani, kaka. Huyo marehemu aliitwa nani?

Wilmer akafungua mdomo. Akamtazama Hakimu. Hakimu akaitazama karatasi, pande zote mbili, kama vile jina lingeweza kuwa limo. Redio, ambaye hajawahi kukosa jibu, alikuwa anachungulia kikombe.

— Nilitaka tu nimwombee, — yule mama akasema, akaenda zake.

Wilmer aliichukua ile karatasi ya Hakimu, akaikunja, akaitia mfukoni. Akaomba nyingine. Nilimpa karatasi ninayopimia nyayo, maana sikuwa na nyingine. Akaandika mstari mmoja, akatia sahihi, akampa Hakimu aangalie makosa.

Hakimu alisoma kimya. Nami nikasoma begani kwake: *Nilimchokora mtu bila kumuuliza jina.*

— Dogo, huu si utetezi.

— Najua, mzee.

— Watakufukuza.

— Huenda.

Akachukua fimbo yake, bado imo kwenye leso, akaelekea kituoni. Hakuivuta kofia kuficha uso. Nikainua birika nimmiminie Dokta, likatoa tone moja na machicha, na hakuna aliyelalamika.