Siku Walipoacha Kuniomba Nipunguze

Tumsifu Yesu Kristo! Nimewasikia wa mbele tu, wa nyuma bado mnamenya ndizi. Sawa, menyeni, nitaongea hivyo hivyo. Shikamooni mama zangu. Mwenyekiti wa jumuiya aliponiambia leo ni zamu yangu kushuhudia, nilimwambia mimi jambo lenyewe bado lina hasira ndani yake. Akasema njoo na hasira yako. Basi nimekuja nayo.

Wengi mnanijua. Nauza mitumba mjini, Majengo, tangu binti yangu akiwa mgongoni. Nilikuwa na kibanda na rundo la nguo juu ya turubai. Mimi nimekaa kwenye kigoda, ninyi mmeinama mnachakura. Siku ya kufungua belo jipya la nguo, wanawake wa Mwika na Masama walikuwa wamefika kabla sijakata kamba. Nikitaja bei, mtu anashika kichwa: "Aisee mama, unataka nikauze mbuzi?" Namwambia kauze. Anaondoka, anafika kwenye mtaro, anarudi. Tunabishana mpaka tunakubaliana, halafu tunaulizana habari za kahawa na za wagonjwa, anakwenda zake. Ndivyo nilivyosomesha watoto.

Binti yangu akarudi kutoka Dar. Akaliangalia rundo siku mbili tatu, akasema, "Mama, hili rundo linatushusha. Tundika nguo kwenye hanga, weka kioo, andika bei. Wachagga wakirudi Desemba watajaa humu." Nikamsikiliza. Mgongo ulikuwa unaniuma na vumbi la mabelo limenikaa kifuani. Na mimi nilitaka kuuza nguo nikiwa nimesimama wima. Nani hapa hataki?

Nikaachia kibanda, nikapanga fremu ya duka barabarani. Vigae vyeupe, mlango wa kioo, taa, chumba cha kujaribia chenye pazia. Nguo zilikuwa zilezile za belo, ila zimefuliwa, zimepigwa pasi, kila moja na kikaratasi cha bei. Ukutani binti akabandika tangazo kwa herufi kubwa: BEI HAIPUNGUI.

Ndugu zangu, nawaambia, sijawahi kuona watu wagumu kama ninyi.

Wiki ya kwanza mlikuja kushangaa. Mmoja akashika gauni la bluu, akaligeuza ndani nje, akasema duka zima lisikie, "Hili si nililikataa kwenye rundo? Lilikuwa na doa hapa kwapani!" Doa tulishalitoa kwa limau na jua, lakini alijua lilipokuwa. Wengine mlikuwa mnavua kandambili mlangoni kwa sababu ya vigae, mnachungulia, mnavaa tena, mnaondoka. Natoka nje nawaita, "Ingieni na viatu!" Mnasema, "Tutarudi, mama." Hakuna neno linaloniudhi kama hilo tutarudi.

Niliudhika sana. Miaka yote mlilalamika nguo zimekunjamana, mnainama mpaka kiuno kinauma, hakuna pa kujaribia. Nimewapigia pasi, nimewawekea pazia, mkasema najidai. Mama wa kitenge cha njano, usicheke, na wewe ulikuwepo.

Desemba ikafika. Watu wa Dar wakapanda mlimani na magari yao, wamekuja wamevaa tayari. Walioingia kwangu waliulizia maji baridi, na wengine walijiangalia kwenye kioo changu, wakapaka rangi ya midomo, wakatoka. Mwenye fremu akanifuata, kwa upole tu, akaniambia kama biashara imenishinda kuna muuza simu anaitaka fremu Januari. Nikarudi ndani nikakaa juu ya belo. Kibanda kilishachukuliwa na mwingine. Fremu ikienda, sina pa kutandika hata turubai. Nilijiuliza nitawalisha nini watu wa nyumbani kwangu.

Sasa kuna mama mmoja wa Mwika, simtaji. Watoto wake wote niliwavisha mimi, tangu ubatizo mpaka kipaimara. Wiki ile ya kuelekea Krismasi alikuja mvua inanyesha. Akavua viatu vya matope mlangoni, akaingia peku. Alikuwa anamtafutia mjukuu gauni la sikukuu. Akaliona moja jeupe, akashika kitambaa, akasoma kile kikaratasi. Mimi nimesimama hapo. Nikasema moyoni, sasa atashika kichwa, atataja mbuzi.

Akalirudisha gauni kwenye hanga. Akalinyoosha bega vizuri. Akasema, "Asante, mama. Duka zuri." Akatoka.

Hakuniomba nipunguze! Ninyi mnajua maana yake. Sisi tunabishana bei na mtu wetu. Mtu usiyemwomba apunguze ni mgeni kwako, au umeshamuaga. Yule mama aliniaga, tena kwa heshima, na mimi nilitamani bora angenitukana.

Ng'ambo ya barabara ana baraza lake jirani yangu, fundi cherehani, Mwislamu wa hapo hapo Majengo. Nikavuka na mvua ile kwenda kumlalamikia. "Umemwona yule? Ameninyima hata maneno!"

Akakata uzi kwa meno, hakuharakisha. "Dada, wateja wako wanapita hapa kila siku. Wananiuliza kama siku hizi bado unaongea na watu."

"Nitaongea na nani, na wao hawaingii?"

"Si umeandika ukutani wasikuombe?"

Nilirudi nikalibandua lile tangazo, na rangi ya ukuta ikatoka nalo. Binti anasema, "Mama, unafanya nini?" Nikamwambia shika huku. Tukaburuta belo jipya mpaka barazani. Jirani akaniletea turubai lake mwenyewe. Nikakata kamba, nikamwaga nguo zote chini. Msidhani niliita watu kwa unyenyekevu. Nilipiga makofi, nikapaza sauti kwa hasira: "Haya, njooni mchakure kama mnavyopenda!"

Wakaja! Waliokuwa wamejikinga mvua kwenye mabaraza yote ya mtaa ule walikuja, na yule mama wa Mwika akiwemo. Akainama, akachakura, akaibuka na sweta la kijani. Akauliza bei, nikataja.

Akashika kichwa. "Wee mama! Na mvua yote hii? Punguza bwana!"

Nikalia. Mbele ya watu wote nikalia. Maskini, akadhani ni ile bei, akaanza kufungua fundo la kanga haraka haraka: "Basi nitatoa hiyo hiyo, usilie." Nikamwambia hapana, wewe endelea kubisha. Tukabishana bei ya lile sweta, kisha akaniuliza kuhusu lile gauni jeupe la ndani, tukaanza upya. Aliondoka nayo yote mawili.

Fremu ninayo mpaka leo. Rundo liko barazani, hanga ziko ndani, binti anauza ndani na mimi niko nje kwenye kigoda changu. Mgongo bado unauma. Na bado naudhika, siwafichi, nikimwona mtu anapita nguo iliyopigwa pasi anakwenda kuinamia nyingine ya belo lilelile iliyokunjamana. Lakini mnaniudhi mkiwa mbele yangu, na hilo naliweza.

Namshukuru jirani yangu aliyeniambia ukweli na kunipa turubai lake. Namshukuru binti yangu, alinitakia mema. Na yule mama simtaji, lakini sweta la kijani ninaliona hapo kwenye benchi la tatu. Niliyojifunza ni haya: ukitaka kupanda, panda, ila usiwafungie watu mdomo. Siku watakaponyamaza ndiyo siku wanayokuaga.

Basi mkishuka mjini, njooni. Ingieni na viatu. Nikitaja bei, shikeni kichwa. Nitakataa. Niombeni tena.