Guleid Bare Warsame na Kibodi Nyembamba ya Bula Iftin

Mwenyezi Mungu alimwazima dunia kwa miaka hamsini, kisha akamwita. Leo tunamkumbuka marehemu Guleid Bare Warsame: mume, baba, kaka na fundi. Wasifu huu umeandikwa nyumbani kwake Bula Iftin, Garissa, na unasomwa na mdogo wake, Daud.

Marehemu alizaliwa Aprili 1975 karibu na Habaswein, mvua za gu, yaani masika, zikiwa zimeanza na familia ikiwa njiani na mifugo. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Bare Warsame, dalali wa ngamia aliyefahamika hadi Diff, na Bi Rukiyo Nunow. Mama yake hupenda kusimulia kwamba alizaliwa ndani ya aqal, nyumba ya fito na mikeka, iliyosimamishwa asubuhi ile ile, mikeka haijafungwa sawasawa, na kwamba tangu hapo hakuweza kuvumilia kitu kilichofungwa ovyo. Utotoni aliifungua redio ya baba yake kila mzee alipokwenda sokoni, akairudisha kabla ya taarifa ya habari. Siku moja skrubu ilibaki mkononi na redio ikaendelea kusema kama kawaida. Mzee Bare hakumchapa. Alimwambia aitunze mpaka ajue ilikuwa na kazi gani.

Alisoma shule ya msingi Habaswein hadi 1989, kisha sekondari ya bweni mjini Garissa hadi 1993. Baadaye alijiunga na chuo cha ufundi Mombasa, akatunukiwa stashahada ya uhandisi wa mitambo mwaka 1997. Kazi yake ya kwanza ilikuwa Nairobi, katika kiwanda cha beseni na mitungi ya maji, na huko ndiko alikojifunza kuyeyusha plastiki na kuimwaga ndani ya kalibu.

Ijumaa tarehe 6 Desemba 2002 alimuoa Hinda Mahamed wa Masalani, mchapaji wa ofisi moja hapa mjini. Kama ilivyo desturi, mama mkwe wake, Bi Fatumo, alikuja na wanawake wa ukoo na fito na mikeka, wakamsimamishia binti yao aqal ya arusi uani, ingawa nyumba ya mawe ilikuwepo. Mtoto wao wa kwanza, binti yao Ayan, alizaliwa mwaka uliofuata. Mtoto hajaanza kutambaa vizuri, baba akapata kazi China.

Alikaa huko miaka kumi na mmoja, tangu 2004 hadi 2015, katika kiwanda cha kibodi nyembamba za kompyuta, zile ambazo kitufe hushuka kidogo tu na kurudi bila kelele. Alianzia kwenye kalibu za vitufe na akaishia kuwa mkaguzi. Alijua kila hatua. Chini kabisa kuna bamba la chuma. Juu yake zinalala karatasi tatu za plastiki, zilizochapwa njia za umeme kwa wino wa fedha. Kisha kuna vikombe vidogo vya mpira vinavyorudisha kidole juu, na kila kitufe husimama juu ya miguu miwili inayopishana kama mkasi, ili kiwe kifupi na bado kishuke sawa pande zote. Mwisho, vijiti vya plastiki vinavyopenya bamba huyeyushwa vichwa kwa chuma cha moto, na kitu kizima kinashikana. Kibodi nene husamehe makosa, alizoea kusema. Nyembamba haina pa kuyaficha.

Wakati huo mkewe alikuwa akichapa barua za ofisi kwa kibodi nene na nzito, na viganja vikaanza kumuuma. Alimweleza siku moja kwenye simu, kwa mzaha, kwamba yeye huko anawatengenezea wake za watu. Marehemu alicheka. Kisha alisema, "Yako nitaitengeneza mwenyewe. Hapo nyumbani, kwa mkono wangu."

Machi 2015 alirudi. Hakuruhusiwa kutoka kiwandani hata na kitufe kimoja, kwa hiyo alikuja na maarifa kichwani na mazoea kwenye vidole. Alipojinyoosha mkekani baada ya chakula cha mchana na usingizi ukamchukua, vidole vyake viliendelea kukagua, safu baada ya safu, juu ya mkeka au juu ya mkono wa mkewe. Ayan, aliyekuwa akimjua baba kwa sauti ya simu tu, alimtazama siku ya kwanza akamuuliza mama yake, "Hooyo, aabo anatafuta nini?" Hinda alimwambia anatafuta njia ya kurudi nyumbani. Mwaka uliofuata akazaliwa Mustaf.

Marehemu alifundisha ufundi kwa vijana hapa mjini, na saa zake nyingine zote alizipa ile ahadi. Daud alimshauri anunue kibodi nyembamba Nairobi mambo yaishe. Chai ya marehemu ilipoa mbele yake, na Hinda alipoona hivyo akamwambia shemeji yake kwamba yeye atangoja. Plastiki ya vitufe ilitoka kwenye kibodi mbovu zilizotupwa na maofisi. Kalibu alichonga mwenyewe kwa alumini. Wino wa fedha aliupitisha kwenye kitambaa cha wachapaji wa fulana za kampeni, na ubongo wa umeme akautoa katika kibodi kuukuu. Ya kwanza aliikamilisha mwaka 2019. Kabla wiki haijaisha vumbi lilikuwa limeingia chini ya vitufe, ile miguu ya mkasi ikakwama, na nusu ya herufi zikakataa kurudi juu. Garissa, alisema, si mji wa kitu chembamba.

Kule kiwandani palikuwa na chumba kisichopitisha vumbi, chenye milango inayopuliza upepo. Hapa mbuzi hupita uani. Alifikiri sana, kisha akaenda Masalani kumwona mama mkwe wake akiwa na ombi ambalo hakuna mkwe aliyewahi kumpelekea. Bi Fatumo alikuja na fito na mikeka yake, akamsimamishia aqal ndani ya chumba cha nyuma, mikeka imepandana na kuloweshwa maji ili ipoze joto na kulinasa vumbi. Alipomaliza kufunga kamba ya mwisho aliwaambia wanawake waliokuja kushangaa, "Nyumba ya bibi arusi hujengwa mara moja. Huyu ananijengesha ya pili, kwa mke asiyejua hata kuchemsha chai."

Maneno hayo yalienea Bula Iftin nzima. Majirani walimuuliza Hinda hali ya mke mwenza, naye akawajibu kwamba ni mwembamba, hali chakula, na hana ndugu wa kuja kulala. Alicheka pamoja nao. Lakini hakuna aliyeruhusiwa kuingia mle, hata yeye, na kila alasiri aliweka chai nje ya mkeka wa mlango, akakaa pale kidogo akisikiliza vidole vya mumewe upande wa pili. Alikuwa amemngoja arudi kutoka mbali, na sasa mumewe alikuwa nyuma ya jiko tu, na bado alikuwa akimngoja. Marehemu alilijua hilo. Alikuwa akigonga mkeka mara mbili kwa ndani kila alipochukua kikombe, na Hinda akigonga mara mbili kwa nje.

Mwaka 2022 figo zake zilianza kushindwa. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki hapa Garissa, na familia inawashukuru wauguzi waliomhudumia kwa upole. Siku za kurudi kutoka hospitali mikono ilitetemeka, na kuyeyusha vichwa vya vijiti ni kazi ya mkono uliotulia. Alifanya safu moja, akapumzika siku kadhaa, akafanya nyingine. Mama yake alimsihi aache. Alimjibu kwamba hajui deni jingine ambalo angependa kulilipa mwenyewe kuliko hili.

Mwishoni mwa Oktoba mwaka huu, alasiri moja, alimwita Hinda kwa jina kutoka ndani. Hinda aliosha miguu, akainama, akaingia katika ile aqal kwa mara ya kwanza. Ndani mlikuwa na ubaridi na harufu ya mikeka mibichi, harufu ya siku ya arusi yao. Mumewe alimwekea kibodi mapajani. Ilikuwa nyeusi, nyembamba kama sahani. Alifumba macho na kusikiliza wakati Hinda akibonyeza, kitufe kwa kitufe, na vyote vilishuka na kurudi bila kukwama. Kilibaki kile kirefu cha chini, kinachotenganisha maneno, ambacho hushikwa na waya mwembamba ili kishuke sawa ncha zote mbili.

"Kushoto kunachelewa," alisema. "Waya haujakaa. Ningekuwa na mkono wangu wa zamani kwa asubuhi moja tu."

"Wacha kuchelewe," Hinda alimwambia. "Mimi nimezoea kukungoja."

Marehemu alicheka kwa sauti, na Bi Rukiyo aliyekuwa uani alimsikia. Kibodi hiyo marehemu hakuigusa tena. Alifariki Jumapili tarehe 9 Novemba 2025 alfajiri, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya swala ya alasiri. Bi Fatumo alikuja kuifungua mikeka, kama inavyofunguliwa wenye nyumba wanapohama. Hinda alimwomba aiache mpaka eda iishe, naye akaikaza kamba iliyokuwa imelegea.

Marehemu ameacha mama yake, Bi Rukiyo Nunow. Mkewe, Hinda Mahamed. Watoto wake, Ayan na Mustaf. Mdogo wake, Daud. Dada zake wawili walioko Habaswein. Na vijana wengi aliowafundisha kufunga kitu kikafungika.

Maneno haya yamechapwa na mkewe, akiwa edani, kwa kibodi hiyo. Baada ya kila neno kitufe kirefu hushuka kulia kwanza, kushoto kukafuata nyuma, na yeye hukingoja kifike ndipo aandike neno lingine.

Mola amlaze mahali pasipo vumbi wala safari, na sisi atukutanishe naye. Amin.