Wadudu wa Kwenye Kichupa

Treni ilipoondoka, mama mmoja mwenye utepe wa kupimia nguo shingoni alimuuliza kijana aliyepakata kichupa cha vumbi, "Una nini humo, mwanangu?"

"Wadudu wa maabara, mama. Huwaoni kwa macho. Wakikosa maji wanakauka, wanakaa miaka, joto na barafu haviwaui. Wakipata tone moja tu, wanaamka."

"Kilichokauka kimekufa, usinidanganye."

"Wamejikunyata tu, mama."

Walibishana vituo viwili, nami nikijifanya nasoma gazeti la juzi. Kisha mama akapoa. "Mdogo wangu hasemi nami tangu gauni la harusi nililomshonea limpasukie mbele ya wakwe. Sasa hao wako wakiamka, wanakumbuka kilichowakausha?"

"Hilo hatujawahi kuwapima, mama."

Treni ikasimama. "Basi nikifika kwake," akasema akishuka, "nitaanza kwa kuomba maji ya kunywa."