Shangazi na Picha Isiyo na Kwao

Leo, tarehe 30 Juni, sisi wa mtaa wa nyuma ya stesheni tunatimiza miaka thelathini na minne tangu tuhamishwe. Ni siku ya mwisho kazini pia kwa mtunza picha wa maktaba ya manispaa, baada ya miaka ishirini na saba. Tunamwita Shangazi, na jina hilo alilipata kwa haki. Hakuna aliyeingia chumbani kwake, hata sisi tunaojitolea kumsaidia, bila kuulizwa habari za wazazi, wajukuu na magoti.

Kazi yake ilikuwa kukusanya picha za zamani na kuwatafuta wanaozikumbuka. Wengine huhoji mzee mmoja mmoja, kwa utaratibu. Yeye aliwaketisha wawili wasiopatana, akaweka picha katikati, kisha akaenda kuchemsha chai. Aliporudi, mtaa mzima ulikuwa umeshatajwa nyumba kwa nyumba, pamoja na nani alimwibia nani kuku.

Picha moja tu ilimshinda: barabara, na kinyozi mlangoni, mkasi mkononi. Alihisi ni kwetu, na kama ni kwetu, ndiyo pekee iliyopigwa kabla ya tingatinga kupita. Sote tulikana. Muda wa kustaafu ulipofika akaomba mwaka zaidi, kisha mwingine, akisema hakabidhi funguo mpaka picha ile ipate kwao. Mumewe akaanza kuuliza kama alioa mke au kabati la serikali.

Mwezi uliopita alimwita kinyozi wetu wa zamani pamoja na shemeji yake, watu ambao hawajakubaliana hata kuhusu hali ya hewa. Kinyozi alitangaza kwamba kijana yule mtanashati ni yeye hasa, ila barabara ile hajaikanyaga maisha yake yote. Shemeji mtu alicheka mpaka akashika meza. Utanashati tumwachie, alisema, lakini tangu lini huyu akanyoa kwa mkono wa kushoto, wakati kwa kushoto hata kijiko kinamshinda?

Shangazi aliinuka. Akaitoa filamu ya picha ile kabatini, akaigeuza, akaishika dirishani. Picha alikuwa ameichapa kinyumenyume, kushoto ikawa kulia, yeye mwenyewe, mwaka wake wa kwanza kazini. Kinyozi akahamia upande wake wa barabara, bomba la maji likarudi konani, na ukuta wa nyumba yetu ukajitokeza. Tuliitwa, tukalia kidogo, kisha tukaanza kubishana mlango wa nani ulikuwa wa bluu, ilhali picha ni nyeusi na nyeupe.

Kesho yake aliandika barua kwamba leo atakabidhi funguo.

Asante, Shangazi, kwa subira na kwa chai. Tunakuombea mapumziko marefu, afya njema, na wageni wasiopatana.

Picha imetundikwa hapa ukumbini mwa maktaba. Wajukuu wangu huuliza kama nitawapeleka wakapaone penyewe. Pamekuwa maegesho ya malori. Nitawaleta hapa ukumbini. Kule sitarudi.