Breki, Dereva wa Bibi Harusi

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Breki, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 katika chumba cha nyuma cha gereji ya baba yake, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Mama alisimulia kwamba kichanga kilinyamaza pale tu baba alipowasha injini. Jina la Breki alipewa na majirani, kwa sababu hakuwa nazo.

Alisoma shule ya msingi tangu 1958 hadi 1965, kisha akasomea ufundi wa magari miaka miwili. Mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti, "Mikono anayo, utulivu hana." Baba aliibandika ukutani gerejini, na mpaka leo ipo.

Mwaka 1976 baba na mwana waliligeuza gari dogo jeupe lililotelekezwa pale gerejini kuwa gari la mashindano, namba 23. Tarehe 16 Juni 1979 Breki alimwoa mshonaji wa nyumba ya pili. Gari lilizima njiani, maharusi wakashuka kusukuma, shela na vumbi pamoja. "Hivi nimeolewa na wewe au na hili?" mkewe aliuliza. Tangu siku hiyo gari likaitwa Bibi Harusi.

Mdogo wake, anayewasomea wasifu huu, ndiye aliyekaa kiti cha pembeni, daftari mapajani, akimsomea kona kabla hazijafika: "Kulia nne. Nyoosha mia. Kushoto mbili, usikate." Kadiri namba inavyopungua, ndivyo kona inavyokuwa kali, na "mia" ni mita za njia iliyonyooka. Breki hakutegemea macho, alitegemea sauti ya mdogo wake. Waliingia mashindano kumi na moja, wakamaliza sita, na mwaka 1984 wakashika nafasi ya pili.

Tarehe 3 Oktoba 1987, wakiwa wanaongoza, gari liliacha njia kwenye kona ya kushoto na kubiringika mara tatu mpaka mtaroni. Breki alivunjika nyonga, hakushindana tena. Waandaaji walipomuuliza, alijibu, "Usukani ulikatika." Loo, alichekwa! Fundi gani anashindwa kukaza usukani wake mwenyewe? Wakamwita Mzee wa Mtaroni, na wateja wengine wakahama. Aliumeza utani huo miaka thelathini na moja.

Sasa ukweli usemwe, na usemwe mbele yake. Usukani haukukatika. Kurasa mbili za daftari zilishikana kwa soda iliyomwagika, msoma kona akazifunua kwa mpigo mmoja, akasoma "nyoosha mia" pasipokuwa na kunyoosha. Aibu ilimfunga mdomo. Na kila alipojaribu kuufungua, Breki alimkatiza: "Achana nayo, bwana mdogo."

Mwaka 2001 marehemu alianza kumfufua Bibi Harusi, aliyelala chini ya turubai huku kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Bodi aliinyoosha kwa nyundo, kipande kwa kipande. Kabureta peke yake ilimla miaka miwili. Fundi rafiki aliyekuja kusaidia alichungulia chini ya gari akashangaa, "Mbona usukani huu mzima kabisa?" Breki akamjibu, "Wewe shika tochi."

Tarehe 22 Februari 2019, injini ikiwa bado iko vipande vipande, kiharusi kilimwangusha. Upande wa kulia ulikufa, na neno moja tu likambakia: "Soma." Mdogo wake akasoma gazeti. Akatikisa kichwa. Akasoma maandiko, akatikisa kichwa. "Shemeji," mkewe alisema, "huyu anataka kitu chake, na sisi hatukijui." Huku nyuma gerejini, mdogo mtu, akitaka kuiunganisha ile injini, alisimama spana mkononi mbele ya makopo ya boliti yaliyoandikwa kwa mkono wa kaka yake: "Kile kibishi." "Huyu mpaka abembelezwe." Kibishi ndicho kipi? Maskini, hakufunga hata boliti moja.

Jumapili ya tarehe 9 Juni, baada ya miezi mitatu na nusu ya kubahatisha, alilileta lile daftari. "Kulia nne. Nyoosha mia." Mgonjwa akafumba macho, na mguu wa kushoto ukakanyaga klachi chini ya shuka. Wakaenda hivyo mpaka kurasa zilizoshikana. Mdogo wake akazibandua kwa ukucha, akasoma kilichokuwa kimeandikwa: "Kushoto mbili. Usikate." Mkono wa Breki ukazunguka kushoto juu ya blanketi, taratibu, kisha ukanyooka. "Nisamehe, kaka," mdogo wake alisema. Kaka alikuwa ameshalala, na haijulikani kama alisikia. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2019, saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Ameacha mke, mabinti wawili, wajukuu watano, mdogo wake, na Bibi Harusi, ambaye hajawaka na huenda asiwake tena, maana aliyekijua kile kibishi ndiye huyu tunayemzika. Na mliozoea kumwita Mzee wa Mtaroni, jina hilo lina mwenyewe, naye ndiye huyu anayewasomea.

Kaka, kona zimekwisha. Pumzika kwa amani.