Mwekezaji na Harusi Isiyokuwepo

Msusi alipaswa kushuka kituo cha pili, lakini umbea wa kiti cha mbele ulimgandisha.

"Baba, saa tatu naingia ofisini na pasipoti, saa tano natoka na cheti cha kampuni!" mama mpika sabuni alikuwa akimwambia mzee aliyekutana naye humo humo kwenye treni. "Wananiita mwekezaji. Mimi!"

"Nyie wageni mnabembelezwa," alisema mzee, fundi viatu. "Mimi mzaliwa wa hapa, leseni ya kibanda nimeifuatilia mpaka soli zimekwisha, na soli nashona mwenyewe!"

Walicheka hadi msusi akajikuta anacheka nao.

"Sasa jengo la kiwanda nimeshalikodi, miaka mitano. Na mume wangu anajua nimekuja harusini."

"Harusi ya nani?"

"Haipo, baba! Nilitunga. Na leo amenifuata, eti naye acheze. Ananisubiri kituo cha mwisho."

"Mwanangu, mpe ukurugenzi kabla hajauliza bibi harusi yuko wapi."

Treni ikasimama kituo cha mwisho. Pale nje, bwana mmoja mwenye suti mpya alikuwa amekumbatia zawadi kubwa yenye utepe. Msusi, vituo sita kupita kituo chake, akawa wa kwanza kushuka, asije akapitwa.